Nafasi ya Jina la Cubaka

Watu huhama kwa sababu ya vita, kwa sababu ya mapenzi, au kwa sababu wamekosana na mchungaji wao. Cubaka Muhigirwa alihama Bukavu kwa sababu ya umeme. Kule Kadutu, nyumbani kwa mama yake, umeme ulikuwa kama mjomba tajiri kutoka Kinshasa: unaingia bila taarifa, mtaa mzima unapiga kelele za furaha, na kabla hujaueleza shida yako umeshaaga. Betri ya kompyuta ya Cubaka ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo kila mjomba alipoondoka, aliondoka na kazi ya asubuhi nzima. Siku moja akaifunga mashine ndani ya kitenge cha mama yake, akavuka daraja la Rusizi, akapanda mpaka Kamembe, upande wa Rwanda, na kupanga chumba nyuma ya nyumba ya Hadja Nuriya, mfanyabiashara wa vitenge. Chumba kilikuwa na dirisha dogo, mende wenye adabu, na prizi ukutani iliyotoa umeme kutwa nzima bila kudanganya mtu.

Alikuwa anatengeneza mchezo wa simu. Hapo ndipo upweke wake ulipoanzia, maana hiyo ni kazi isiyoelezeka mbele ya watu wazima. Mtoto wa jirani ni muuguzi, mwingine ni padri, mwingine yuko gerezani. Zote hizo ni habari ambazo mzazi anaweza kuzisema sokoni na msikilizaji akaitikia ipasavyo. Lakini mwanaume mwenye ndevu anayekaa chumbani mwezi baada ya mwezi, anasogeza mtumbwi mdogo kwenye kioo, kushoto, kulia, kisha anaurudisha mwanzo, huyo utamwambia nini?

Pale uani kila mwanaume aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Cubaka hakuwa na mtoto, wala mke, wala dalili. Watu wakamtazama akiingia na kutoka, kompyuta kifuani, kichwa cha kompyuta kimefunikwa kitenge ili kisipigwe na jua, wakaona hapana haja ya kusubiri zaidi. Wakamwita Papa Ordi, baba wa kompyuta.

"Papa Ordi, umekula?" Hadja Nuriya alikuwa akiuliza kupitia dirishani.

"Nimekula, Hadja."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai inanywewa. Mimi nimekuuliza habari ya kula."

Akampelekea wali, akasimama mlangoni kuhakikisha unashuka tumboni, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake marefu ya siku. Jina la Cubaka halikutamkwa na mwenyeji yeyote upande huu wa daraja. Lilikuwa limebaki kule Kadutu, kama viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda.

Siku za Jumapili alikuwa akipanda boti kwenda Nkombo. Aliipenda Nkombo kwa sababu kisiwani hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani. Wanakuuliza kama unajua kuogelea, ukisema hapana wanakucheka, na mambo yanaishia hapo. Huko akajuana na Twagirayezu, mwimbishaji wa ikipe.

Ikipe ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa juu ya maji za kuwaita sambaza, dagaa wa ziwa hilo. Wanaume huondoka nayo jioni na kurudi asubuhi, na wakati wote wa kupiga makasia wanaimba, maana bila wimbo kila mmoja atavuta kwa saa anayoitaka yeye na mitumbwi itazunguka kama mbwa anayetafuta mkia. Kwenye ikipe ya Twagirayezu wimbo ulikuwa na sheria yake. Mwimbishaji alitupa majina. Aliyetajwa alivuta. Alitupa jina la huyu, la yule, la mke wa huyu ili mume avute kwa aibu, la mtoto mwenye homa, la mdai aliyekuwa akiwangojea ufukweni ili Mungu ampe usingizi. Alifanya yale wanayoyafanya wanamuziki wa Kinshasa wanapowatupia majina matajiri, isipokuwa yeye hakulipwa hata soda. Na jina moja hakulitaja kamwe, jina lake mwenyewe. Hilo lilikuwa la wengine. Pua ya mtumbwi ilipogusa mchanga, wanaume wote kwa pamoja walilipigia kelele: "Twagirayezu, eee!" Hata wavu ukiwa umerudi na majani matupu, waliliita.

"Na bakisahau?" Cubaka aliuliza.

"Bakisahau, kesho batajivutia," alisema Twagirayezu.

"Sasa ju ya nini usijiite weye tu, mambo iishe?"

Wazee wa ikipe walicheka mpaka mmoja akaangusha kasia. Twagirayezu hakucheka. Alimtazama kijana huyu wa Bukavu kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajipigii makofi kanisani.

Cubaka alirekodi asubuhi nyingi, simu ameifunga kwenye mti wa mbele, yeye mwenyewe amejikunja kati ya mabeseni akiogopa maji. Mchezo wote akaujenga juu ya sauti hizo. Ukisikia jina, unagusa kioo, mvuvi anavuta. Ukichelewa, mtumbwi unapinda, sambaza wanakimbia. Ukiifikisha ikipe ufukweni, wanaume wanaita jina la mwimbishaji na unaruhusiwa kwenda hatua ya pili, kwenye dhoruba. Aliuita *Ikipe*. Alimwomba Twagirayezu atupe na jina la Antoinette, mama yake, akalitupa vizuri sana, akalivuta kama mpira. Kabla mchezo haujakamilika Twagirayezu akashikwa kifua wakati wa mvua kubwa, akafa. Cubaka alikwenda kuzika. Mjane, Mukamazimpaka, alimshukuru kwa Kihavu, na yeye akaitikia bila kuelewa.

Sasa aingie Adrien Kamali.

Kamali alikuwa na kampuni Kigali iliyotoa michezo ya simu, na alikuwa mtu wa kupendeza, tatizo ambalo sheria haijalipatia adhabu. Alikulia Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri na chenye mafuta. Aliogopa maji. Siku aliyokuja Cyangugu, kando ya ziwa chini ya Kamembe, kuuona mchezo, Cubaka alimwalika Nkombo, naye akatia kiatu kimoja ndani ya boti, akakitoa, na kusema ameshaelewa mazingira. Wakakubaliana. Na tuseme mapema ili msomaji asipoteze muda kunusa harufu ya pesa: Cubaka alilipwa, kwa wakati, zote. Kwenye mkataba aling'ang'ania jambo moja tu, kwamba wimbo usiguswe bila ruhusa yake. Kamali akaandika. Angeombwa kuandika kwamba mwezi ni wa Cubaka, angeandika pia, maana hakuna mtu aliyewahi kumwomba mambo ya bei rahisi hivyo.

Jina je? Hapo ndipo Cubaka alipofanya kosa ambalo huwezi kulifanya kama hujalala ndani ya ikipe. Kwenye ukurasa wa mwanzo alitupa majina. Wavuvi wote. Hadja Nuriya, kwa wali. Mama yake, kwa kumzaa. Adrien Kamali, kwa kuutoa mchezo duniani. Chini kabisa akaacha mstari mmoja mtupu. Hakuandika maelezo. Angeandika nini? "Tafadhali niite"? Ukishaomba kuitwa, umeshajiita. Mchezo ulikuwa mtumbwi, Kamali alikuwa ufukwe na wanaume wa makasia kwa pamoja, na pua ikigusa mchanga, mtu mwenye akili timamu angejua la kufanya.

Kamali aliuona mstari mtupu. Alikuwa mtu asiyependa kuona nafasi inapotea.

Ndipo ukaja ule mwaka wa barakoa. Mpaka ukafungwa. Daraja ambalo Maman Antoinette alilivuka na beseni la nyanya, akirudi na habari za mwanawe, likabaki na askari na upepo. Basi za Kigali zikaacha kuja. Watu wakafungiwa ndani, wakamaliza kugombana na wake zao, wakamaliza kupatana nao, wakachukua simu. Na *Ikipe* ikalipuka. Huko Huye, Musanze, Goma, watu ambao hawajawahi kuona sambaza akiwa na macho walikuwa wanagusa vioo na kuitikia majina ya wavuvi wa Nkombo. Hata dukani Kamembe Cubaka alisikia sauti ya Twagirayezu ikitoka ndani ya mfuko wa mtu kwenye foleni ya sukari. Akatabasamu ndani ya barakoa, mahali pazuri pa kutabasamu peke yako.

Kisha mama yake akapiga simu.

"Cubaka."

"Maman."

"Ule muchezo ya samaki, ni weye ulitengenezaka?"

"Ni miye."

"Njo vile nilibaambia ba jirani. Sasa Maman Odette akafungua telefone yake mbele ya bantu yote. Akasoma: muchezo ya Adrien Kamali. Akaniuliza, Antoinette, mutoto wako alibatizwa mara ya pili?"

Cubaka alikuwa hajaufungua mchezo wake tangu ulipotoka. Alikuwa anangoja aitwe kwanza. Akaufungua. Majina yote yalikuwapo, na pale chini, kwenye mstari wake, kwa herufi za dhahabu zenye kivuli: *Mchezo wa Adrien Kamali.*

"Maman, iko makosa kidogo."

"Makosa ya nani?"

Alikata simu, akashuka ziwani. Kutoka ukingo wa ziwa, chini Cyangugu, aliweza kuona mapaa ya Bukavu yakimeta juani, na nguo zilizoanikwa, karibu kiasi cha kutaka kuuliza ni za nani. Mama yake alikuwa nyuma ya mapaa hayo akiitwa mwongo. Akampigia Kamali.

"Mon cher!" alisema Kamali. "Tumeshinda!"

"Jina yangu haiko."

"Wapi?"

"Mu muchezo. Niliachaka nafasi."

"Ndiyo, niliiona. Nikaijaza."

"Nilikuachia weye uandike!"

"Nikaandika, ndugu yangu."

"Uandike jina yangu!"

Kamali alishangaa kwelikweli. "Lakini wewe ndiye uliyeandika majina yote. Umemwandika mwenye nyumba wako. Nikasema, huyu bwana angetaka jina lake angeliandika."

Cubaka akaanza kueleza. Akaeleza makasia, akaeleza mchanga, akaeleza kuwa mwimbishaji hajiiti mwenyewe, mpaka salio la simu likakatika katikati ya ufukwe. Kamali hakupiga tena. Baada ya siku kadhaa alisikika redioni akisimulia jinsi alivyokaa na wavuvi, baridi ikimla mifupa, akajifunza siri zao. Mtangazaji akamuuliza kama hakuogopa mawimbi. "Ziwa ukiliheshimu linakuheshimu," alisema yule mtu wa kiatu kimoja. Hadja Nuriya, aliyekuwa akisikiliza huku anakunja vitenge, alisema, "Mwanaume shujaa huyu. Papa Ordi, njoo usikilize, na wewe si unapendaga mambo ya simu?"

Kuanzia hapo Cubaka akawa mtu wa kuchungulia mchezo wake kama mume anayechungulia nyumba ya mtalaka. Alitazama wachezaji wakipanda na kushuka. Na akaona jambo la ajabu. Kulikuwa na mchezaji aliyejiandika Mukama, mwenye mkono usiokosa, aliyeifikisha ikipe ufukweni kila mara, kisha, badala ya kwenda hatua ya pili, akarudi mwanzo. Akaifikisha tena. Akarudi. Cubaka akadhani ni hitilafu, mlango wa hatua ya pili umegoma kufunguka kwenye simu za aina fulani. Akatafuta kosa hilo mpaka macho yakamuuma, asilione. Boti za Nkombo ziliporuhusiwa, akaenda kupumzisha kichwa, na kumkuta Mukamazimpaka amekaa kwenye jiwe karibu na chanja za sambaza, simu aliyotumiwa na kaka yake iko gotini, kidole chake kikavu kinagusa, kinagusa, kinagusa.

"Mama, ni weye?"

"Ngoja kwanza. Usiniharibie."

Mtumbwi wa kwenye kioo ukagusa mchanga. "Twagirayezu, eee!" wakaita wanaume, sauti ndogo ya bati. Mukamazimpaka akashusha pumzi, akainua uso. "Karibu. Umekonda."

"Mama, ju ya nini hauendaki hatua ya pili?"

"Kule kuko nini?"

"Kuko dhoruba."

"Sasa niende kwa dhoruba kufanya nini?"

Cubaka, mtunzi wa dhoruba hiyo, aliyeipaka kila wimbi kwa mkono wake, aliketi chini kando ya jiwe. Mama akabonyeza, na mumewe akaanza kuimba upya kutoka katikati ya ziwa.

Tuseme basi kwamba alijua. Siku Kamali aliposhuka Cyangugu kuzungumza na vijana kwenye hoteli moja kando ya maji, barakoa zikiwa zimeanza kuning'inia chini ya videvu, Cubaka alijua vizuri nani anausikiliza wimbo ule na kwa nini. Lakini alikuwa na miezi mingi ya chai tumboni, na mama aliyeacha kwenda kwenye ibada ya Jumatano ili asikae benchi moja na Maman Odette.

Kamali alimkumbatia mbele ya watu. Akamketisha upande wa ziwa, yeye akageuza kiti chake kilipe ziwa mgongo, akaagiza brosheti, nyama ya vijiti.

"Unanichukia," alisema.

"Ndiyo."

"Vizuri, tumeanza na ukweli. Sikiliza. Tunatoa toleo jipya. Nitakuweka kwenye shukrani."

"Shukrani ya nani?"

"Ya wote waliosaidia. Wewe, wale wa intaneti, na yule dada anayetupikia ofisini. Anapika vizuri sana, hutaona aibu kukaa naye."

"Adrien, miye sikusaidia. Nilitunga. Weye njo ulisaidia."

"Sasa unataka nini? Nijifute?"

"Nataka iandikwe mutunzi ni nani. Mbele. Peke yake."

Kamali akavuta kipande kingine kijitini. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya angekataa, na hadithi hii ingekuwa na mwisho mwema. "Nitakupa," alisema. "Mtunzi, Cubaka Muhigirwa. Ukurasa wa kwanza, kabla ya jina langu, dhahabu kama unapenda dhahabu. Nami unipe kitu kimoja. Wale wazee."

"Wazee gani?"

"Wanaopiga kelele. Nairobi wananiuliza kwa nini mchezo unawataja watu wasiowajua. Dar hivyo hivyo. Nina kijana Kigali amenitengenezea ngoma, safi, mtu akiisikia mwili unacheza wenyewe. Lakini mkataba unasema wimbo haugusiki bila wewe. Basi gusa."

"Bila ule wimbo muchezo utakuwa nini?"

"Utakuwa wako," alisema Kamali. "Si ndicho unachotaka? Sasa hivi ni wa kila mtu. Mwenye nyumba yumo, mama yumo, marehemu yumo. Wewe tu ndiye usiyekuwamo."

Ilikuwa kweli, na ukweli ukisemwa na mdomo wenye brosheti unauma zaidi. Cubaka akalitazama ziwa, maana yeye ndiye alikuwa amelielekea. Akamfikiria Mukamazimpaka na kidole chake. Akajiambia kwamba rekodi zote anazo, atamwekea kwenye simu, atazisikiliza apendavyo, tena bila kuhangaika kugusa kioo. Akajiambia kwamba Twagirayezu mwenyewe angeelewa. Wafu wana uvumilivu mkubwa kwa watu wanaojiambia mambo.

"Andika Muhigirwa na *h* moja," alisema.

"Ziko ngapi kwani?" alisema Kamali, akampa mkono wenye mafuta.

Toleo jipya likatoka. Cubaka aliamka, akaoga, akavaa shati la kanisani, akakaa kitandani na kuufungua mchezo. Lilikuwapo. *Mtunzi: Cubaka Muhigirwa.* Peke yake, katikati ya kioo cheusi, hakuna jina lingine karibu, na ngoma ya yule kijana wa Kigali ikapiga, dum-dum-tss, ngoma ambayo ingefaa kuuzia sabuni. Akalisoma. Akalisoma tena. Kisha akaweka simu juu ya mto na kuingoja ilie.

Akatoka uani, akamwonyesha Hadja Nuriya.

"Hadja, angalia."

Hadja akavaa miwani. "Cubaka Muhigirwa," akasoma. "Mashallah. Ndiye nani?"

"Ni miye."

"Wewe? Wewe si Papa Ordi?" Akaitazama simu, akamtazama yeye, akaitazama tena, kama askari wa mpakani mwenye kitambulisho chenye picha isiyofanana na mtu. "Haya, hongera. Na mimi jina langu mbona limetoka? Nilikuwa nimewaonyesha watu wa msikitini."

Mama yake alipiga jioni. Sauti yake ilikuwa ya sherehe, na nyuma yake wanawake walikuwa wanaongea wote kwa wakati mmoja.

"Tumeiona! Maman Odette alisoma mwenyewe, kwa mudomo yake. Nimemwambia arudilie."

"Aksanti, Maman."

"Sasa nitarudi mu ibada. Cubaka, bale bababa ba kuimba beko wapi?"

"Balitoka, Maman."

"Balienda wapi? Kulikuwa pahali banasema Antoinette. Wee, nilikuwa naipenda! Nikipika nilikuwa naacha mutoto wa jirani, Adolphine, anichezee, ili banitaje. Bafungue tena."

"Haifungukaki tena."

"Oh." Wale wanawake wakaendelea kuongea. "Basi haizuru. Jina yako iko. Utaoa siku gani?"

Hakulala vizuri. Asubuhi aliweka rekodi zote ndani ya simu yake, akanunua kadi ndogo ya kuzihifadhi, akashuka kutafuta boti.

Mukamazimpaka alikuwa anageuza sambaza kwenye chanja. Simu ilikuwa juu ya jiwe, kioo kimetazama chini.

"Telefone yangu imeharibika," alisema, kabla ya salamu. "Ilijigeuza yenyewe. Nilimuonyesha mutu wa kuchaji, akasema haiko mugonjwa. Lakini miye nasikia ngoma tu. Nimefika ku muchanga, nikangoja. Nikangoja. Kimya."

"Haiko mugonjwa, Mama. Tulibadilisha."

"Mulibadilisha banani?"

"Miye na ule wa Kigali."

Akampa simu yake mwenyewe, akamwekea rekodi. Ilikuwa rekodi nzuri, safi kuliko ilivyokuwa kwenye mchezo, unasikia hata maji yanavyodondoka kwenye makasia. Twagirayezu akaimba. Akatupa majina. Mukamazimpaka alisikiliza amesimama, kichwa kimeinama, samaki mkononi. Ikafika mwisho, wanaume wakaita. Akarudisha simu.

"Ni yeye," alisema.

"Nitakuwekea, usikilize kila siku. Hauna haja ya kugusa kitu."

"Apana."

"Ju ya nini, Mama? Ni ile ile. Hii iko na zaidi."

"Hii inaimba yenyewe, inafika yenyewe, inamuita yenyewe. Nikiwa na usingizi inamuita. Nikienda shambani inamuita. Sasa miye niko wa kazi gani?" Akamweka samaki kwenye chanja, akamnyoosha kwa kidole. "Ile ingine nilikuwa namuleta. Nikikosea, hafiki. Siku ingine alikuwa anapinda kabisa, nikasema, leo unabaki mu maji, muzee. Kisha namufikisha. Unasikia? Ni miye nilikuwa namufikisha."

Cubaka alikuwa amejiandaa kwa machozi na kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Akafanya jambo la kipumbavu, ambalo mtu hulifanya akiwa hana lingine mkononi. Akaichukua ile simu iliyolala kifudifudi juu ya jiwe, akaufungua mchezo, akamwonyesha.

Mama akasoma polepole, kwa kidole, kama alivyofundishwa shule ya msingi. "Cu-ba-ka. Mu-hi-gi-rwa." Akainua macho. "Njo weye?"

"Njo miye."

"Ni jina muzuri," alisema, na hakuwa na ubaya wowote. Akangoja kidogo, aone kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine. "Sasa itoe. Inakula nafasi, na miye nataka kuweka picha ya bajukuu."

Akabonyeza na kushikilia. Simu ikauliza swali.

"Inasema nini?"

"Inauliza kama tunataka kweli."

"Ijibu."

Akaijibu. Mchezo ukapotea, na mahali pake pakabaki rangi ya bluu tu. Mukamazimpaka akaipokea simu, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaiingiza kifuani na kurudi kwenye samaki wake, maana kunguru walikuwa wameshaona kwamba watu wanaongea. Boti ilikuwa bado mbali. Cubaka akaokota fimbo, akasimama upande wa pili wa chanja akiwafukuza kunguru, yeye huku, mama kule, mpaka boti ikafika.